HAKI YA SHUJAA ALIYEKUFA

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na kumsalia Mtume wake Muhammad, rehema na amani zimshukie yeye na jamaa zake na masahaba zake wote, ajue msomaji kwamba lipo jambo ambalo watu hulitenda kila siku pasi na kulipima katika mizani ya dini, nalo ni kuwataja mashujaa waliokufa. Mtu hupigana vita akafa, na watu wakamsifu hata wakamvua ubinadamu wake. Au wakamnyamazia kana kwamba hakuzaliwa. Au wakamtukana kwa kuwa hakuwa wa kabila lao. Njia zote tatu ni nyepesi, na zote tatu ni dhulma. Ipo njia ya nne iliyo nzito, nayo ni kumpa maiti haki yake, isipungue wala isizidi.

Waraka huu walipima jambo hilo kwa mtu mmoja, naye ni Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyekufa Tabora mwezi wa Januari mwaka 1893 akipigana na Wajerumani. Amechaguliwa yeye kwa kuwa khabari yake ni ngumu. Hakuwa Muislamu, wala hakuwa mtu wa pwani. Mauti aliyataka kwa mkono wake mwenyewe. Na watu wa pwani waliokuwa wakikaa Tabora siku zile hawakuwa upande wake. Kumsifu Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi wa Disemba mwaka 1889, hakumgharimu mtu wa pwani kitu chochote, kwani Abushiri ni wa kwao. Uadilifu wa mtu hujulikana pale anapompa haki yake yule asiyekuwa wa kwao.

KHABARI YAKE

Njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapo ikagawanyika. Moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na nyingine ikashika kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kutoka pwani zilipanda nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Na kutoka bara zilishuka pembe za ndovu, na pamoja na pembe walishuka watumwa. Mizigo yote ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Wachukuzi waliosifika kupita wote walikuwa Wanyamwezi, na wengi wao walikuwa watu huru, waliojiajiri kwa ujira wakaenda pwani na kurudi kwao kwa miguu.

Tabora ulikuwa ndio mji wa kupumzikia na kupanga misafara upya. Waarabu na Waswahili walijenga huko matembe, wakapanda miembe, wakalima mpunga na ngano, wakaoa, wakazaa, wakasali. Lakini nchi ilikuwa ya mtemi. Mtemi Fundikira aliwapokea wageni akakaa nao vyema. Alipokufa akatawala Mnywa Sele, naye akataka ushuru juu ya bidhaa zao. Wafanya biashara hawakuridhika; yapata mwaka 1860 wakamwondoa kwa bunduki, akatawazwa Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele akawapiga vita vya porini mpaka akauawa mwaka 1865. Kisha mwaka 1871 Mirambo wa Urambo akaifunga njia ya kwenda Ujiji, na vita baina yake na Waarabu wa Tabora vikala watu wengi wa pande zote mbili.

Isike alishika utemi baada ya kufa kwa Mkasiwa mwaka 1876. Alikirithi kiti ambacho bunduki za wageni zilikwisha kumwondoa juu yake mwenyewe mmoja na kumkalisha mwengine. Alikuwa na boma kubwa lenye kuta nene, na mahali pa mtemi kama hapo Wanyamwezi hupaita ikulu, neno ambalo leo limo katika kinywa cha kila asemaye Kiswahili.

Mwaka 1890 akafika Tabora Emin Pasha, akiitumikia serikali ya Kijerumani. Akapatana na Waarabu wa mji, na bendera ya Kijerumani ikapandishwa. Isike hakuwa mtu wa kukubali kwamba wageni wapatane na wageni juu ya nchi yake. Uhasama ukazidi. Mwaka 1892 Wajerumani walilishambulia boma lake wasiliweze. Mwezi wa Januari mwaka 1893 akaja afisa wao Tom von Prince pamoja na askari, na mara hiyo boma likaingiliwa. Isike alipoona kwamba hapana tena pa kwenda, aliingia katika ghala yake ya baruti akaitia moto. Zipo riwaya kwamba hakufa papo hapo, na kwamba maadui walimkuta akali anapumua wakamtundika mtini. Utawala wa Kijerumani ukakaa Tabora mpaka mwezi wa Septemba mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipouingia mji.

Isike hakupigania dini. Wala hakupigania nchi iitwayo Tanganyika, kwani zama hizo jina hilo lilikuwa la ziwa tu. Alipigania enzi yake, ushuru wake, na ardhi ya wazee wake. Wala asidhani msomaji kwamba mikono yake ilikuwa safi. Watemi wa Unyamwezi walikuwa na watumwa, na vita vyao vilipigwa na rugaruga, vijana wa bunduki ambao riziki yao ilikuwa ni kunyang'anya, na raia wanyonge ndio walioungua. Mwenye kumsifu Isike akayaficha haya hakumheshimu Isike, bali amemheshimu mtu mwengine aliyemzua yeye mwenyewe.

JE, YAFAA KUMHESHIMU ASIYEKUWA MUISLAMU?

Wapo watakaosema: mtu huyu hakutamka shahada, basi ana haki gani kwa Waislamu? Jawabu limo katika sira ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Aliporudi Taif, baada ya watu wa huko kumpiga kwa mawe, aliyempa himaya hata akaingia Makka alikuwa Mut'im bin Adii, naye ni mshirikina. Mut'im akafa katika ushirikina wake kabla ya vita vya Badri. Na baada ya vita hivyo, mateka wa Makureshi walipokuwa mikononi mwa Waislamu, Mtume alisema kwamba lau Mut'im angalikuwa hai, kisha akawaombea mateka wale, angaliwaachilia kwa ajili yake. Tazama basi: ukafiri wa yule mtu haukufuta wema wake, wala wema wake haukumfanya kuwa Muislamu. Kila kimoja kiliwekwa mahali pake.

Na imepokewa katika Sahihi mbili kwamba lilipita jeneza, Mtume akasimama. Akaambiwa kuwa maiti ni Myahudi. Akawajibu kwa kuwauliza kama hiyo nayo si nafsi. Kusimama kule hakukuwa sala ya jeneza wala dua ya maghfira. Kulikuwa ni kuutambua ubinadamu wa aliyekufa.

Mpaka wa jambo umewekwa wazi. Katika Suratu-t-Tawba waumini wamekatazwa kuwaombea maghfira washirikina baada ya kuwabainikia mwisho wao. Basi asisomewe Isike khitma, wala kaburi lake lisifanywe mahali pa ziara na nadhiri. Lakini kuyataja aliyoyatenda kama yalivyokuwa, na kusema kwamba alisimama katika nchi yake wakati wengine wenye bunduki kama zake walipoketi, hayo hayamo katika makatazo. Maghfira ni mamlaka ya Mola peke yake; ushahidi wa kweli ni deni la kila mja.

KATIKA MAUTI YAKE

Hili ndilo zito zaidi, wala halifai kurukwa. Sheria imeharamisha mtu kujiua, awe amejeruhiwa, au amezingirwa, au anakhofu fedheha ya kutekwa. Imepokewa kwamba katika vita alivyokuwamo Mtume palikuwa na mtu aliyepigana kwa ushujaa hata masahaba wakamstaajabia. Mtume akasema kuwa yule ni wa motoni. Wakashangaa. Mwisho mtu yule akajeruhiwa, akashindwa kuyavumilia maumivu, akajiua kwa upanga wake mwenyewe. Basi ushujaa hauhalalishi kila kitendo cha shujaa. Nabii Yusufu alifungwa gerezani asijiue. Bilali aliteswa juu ya mchanga wa moto asijiue. Kijana wa Kiislamu akisomewa khabari ya Isike, ni wajibu wa mwalimu wake kumwambia waziwazi kwamba kuitia moto baruti si njia ambayo dini yake imempa rukhsa kuifuata. Tena moto wa baruti hauchagui. Na kila nafsi inayoangamia pamoja na mwenye kujiua ina hesabu yake peke yake mbele ya Mola.

Hata hivyo, kukihukumu kitendo ni jambo moja, na kumhukumu mwenye kukitenda ni jambo jengine. Muislamu aliyejiua, katika madhehebu ya Imamu Shafii, huoshwa, husaliwa na huzikwa pamoja na Waislamu. Kosa lake ni kubwa, na amri yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Ikiwa huyo aliyezijua hukumu zote hakufungiwa mlango na wanadamu, ni nani mwenye kuthubutu kutoa hukumu ya mwisho juu ya mtu ambaye haijulikani ni kitu gani kilimfikia katika dini?

Na hapa swali lageuka, likawaelekea watu wa pwani wenyewe. Maimamu wa Kishafii wamethibitisha kwamba hapana adhabu kabla ya kufikiwa na ujumbe, nao ni msingi uliochukuliwa katika Suratu-l-Israa. Imamu Ghazali, naye ni Mshafii, katika kitabu chake Faysalu-t-Tafriqa aliwagawanya watu walio mbali na Uislamu: wapo ambao jina la Mtume halikuwafikia kabisa, wapo waliofikiwa na dalili zilizo wazi wakakataa kwa inadi, na wapo waliofikiwa na khabari zilizopotoka, wasione chochote cha kuwavuta wachunguze. Wa kwanza na wa tatu akawahisabu katika wenye udhuru.

Basi Isike alikuwa katika kundi gani? Waislamu walikaa ubavuni mwa ikulu ya Unyanyembe tangu kabla ya yeye kushika utemi. Aliisikia adhana, hapana shaka. Lakini je, ulimfikia ujumbe wa Tauhidi kama ujumbe, au zilimfikia nguo, baruti na hesabu za madeni? Je, aliuona Uislamu katika uadilifu wa jirani zake, au aliuona katika minyororo iliyopita mlangoni pake ikielekea pwani? Hapana mwanadamu ajuaye jawabu. Lakini mtu wa pwani amwitaye kafiri na kuyamaliza mazungumzo hapo, na aogope asije akaulizwa Siku ya Kiyama yeye na wazee wake walimfikishia nini.

USHAHIDI JUU YA NAFSI

Katika Suratu-n-Nisaa waumini wameamrishwa kusimama katika uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zao, au wazazi wao, au jamaa zao. Na katika Suratu-l-Maida wamekatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu wengine. Amri hizi mbili ndizo mlango wa heshima ya kweli kwa maiti asiyekuwa ndugu. Sifa tupu ni rahisi, kwani msifuji hupata nayo jina la ukarimu. Ushahidi ni mzito, kwani shahidi hutoa kitu chake.

Na ushahidi wenyewe ni huu. Ilipopandishwa bendera ya Kijerumani Tabora mwaka 1890, wenye mali wa Kiislamu walipatana na mwenye bendera. Hapana haja ya kuwazulia nia mbaya. Walikuwa wamechoshwa na vita vya miaka mingi. Njia ilikuwa imefungwa mara nyingi. Walikuwa na madeni kwa Wahindi wa Unguja waliowakopesha bidhaa. Nao walijua, tangu kunyongwa kwa Abushiri mwaka uliotangulia, mzinga wa Mjerumani una nguvu gani. Walidhani kwamba bendera hupita na biashara hubaki. Na katika askari wa serikali hiyo waliokuwa wakizunguka nchi walikuwamo Waislamu wengi, khasa Wasudani waliochukuliwa Misri tangu mwaka 1889. Kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Lakini udhuru haugeuzi khabari: Isike alipozingirwa, hawakuwa upande wake.

Wala biashara waliyoihifadhi haikubaki. Biashara ya pembe na ya watu iliwatoka mikononi, na reli iliyotoka Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya misafara mikubwa ya vichwani ikakoma katika njia ile. Mwenye kuitoa haki ya jirani yake ili aihifadhi faida yake huenda akaikosa faida baada ya kwisha kuikosa haki.

Atasema msomaji: hao nao wamekufa, na Mtume amekataza kuwatukana maiti kwa kuwa wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza, basi kwa nini aibu ya wazee ifukuliwe? Hoja hii ina nguvu, na mwenye kuisema huenda akawa mwenye adabu kuliko mwenye kuipinga. Wazee hao ndio waliojenga misikiti na kufundisha Kurani katika nchi ya bara, na kila herufi iliyosomwa huko kwa sababu yao ina ujira wake kwa Mola. Hawastahili matukano.

Lakini kutukana si sawa na kushuhudia. Imamu Nawawi ameeleza kwamba kumtaja mtu kwa alichokichukia, ambako asili yake ni haramu, huruhusiwa kwa sababu sita, na miongoni mwazo ni mwenye kudhulumiwa kulalamika, na kuwatahadharisha watu wasiingie katika shari. Wanazuoni wa hadithi waliwataja wapokezi kwa udhaifu wao, na wapokezi hao walikuwa maiti na wengine walikuwa watu wa ibada, kwa kuwa dini ingaliharibika lau makosa yao yangalifichwa. Basi khabari ya Tabora hutajwa kwa ajili ya watakaokuja, wasije wakauza kwa bei ile ile. Na hutajwa kwa adabu: litajwe kosa, utajwe udhuru, utajwe wema, kisha waombewe maghfira, kwani wao ni Waislamu na dua yawafaa.

HESHIMA ILIYO WAJIBU

Ikiwa haya yamefahamika, basi heshima anayostahiki shujaa huyu kwa Waislamu wa pwani yaweza kuhisabiwa.

Kwanza ni kuisema khabari yake kwa ukamilifu. Watoto wa vyuoni wafundishwe jina lake na mwaka wake, pamoja na ushujaa wake na dhulma za zama zake, na hukumu ya dini juu ya mauti yake. Mtoto aliyefundishwa kupima mtu mmoja kwa uadilifu hatadanganywa kwa wepesi na wapambe wa mashujaa wa zama zake mwenyewe.

Pili ni kuwakumbuka wasiokuwa na majina. Kwa Isike na Mirambo majina yamehifadhiwa. Lakini njia ya kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji imelazwa juu ya wachukuzi waliokufa kwa ndui na kiu, na watumwa walioachwa kando ya njia walipokuwa hawawezi tena kutembea. Mwenye kumheshimu mtemi akawasahau hao ameheshimu kiti, hakumheshimu binadamu.

Tatu, na ndiyo iliyo karibu zaidi na ulimi wa kila mtu, ni kuliacha neno mshenzi. Kwa neno hilo watu wa pwani waliwaita watu wote wa bara, wakawa hawana haja ya kuwajua majina yao wala haki zao. Neno moja lilitosha kumfanya mchukuzi kuwa mzigo, na mtemi mwenye nchi kuwa kizuizi cha njia. Na Mwenyezi Mungu katika Suratu-l-Hujurati amekwisha kubainisha kwamba mbora mbele yake ni mchamungu zaidi, tena akakataza watu kuwadharau watu wengine, ambao huenda wakawa bora kuliko wao.

Na matokeo ya mambo yamelisuta neno hilo. Uislamu ulienea Unyamwezi, na Tabora leo ni mji wa misikiti. Mtemi wa Unyanyembe tangu mwaka 1957, wa nyumba ile ile ya Fundikira, alikuwa Abdallah Said Fundikira, naye akawa katika mawaziri wa kwanza wa Tanganyika huru mwaka 1961. Akafariki mwaka 2007. Jina lake ni jina la mja wa Mungu, na dini yake ni dini ya wale waliopatana na mwenye bendera. Basi leo, mtu wa pwani akiingia msikitini Tabora na kusimama katika safu, bega lake laweza kugusana na bega la mtu wa ukoo wa yule aliyeachwa peke yake mwaka 1893. Hawezi kumlipa kwa sifa. Aweza kumlipa kwa kusema kweli juu ya siku ile, na kwa kutomwacha jirani yake peke yake siku nyengine, atakapokuja mwenye nguvu na mkataba mkononi, akiahidi kwamba biashara haitaguswa.

Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa siri za waja wake, na kwake ndiko marejeo ya mwenye kudhulumu na mwenye kudhulumiwa. Awajaalie waumini ndimi zenye kushuhudia kweli, wala asiwatie katika wenye kuzifanya haki za watu kuwa thamani ya bidhaa. Amin.